Maji ya Bahari Mlimani: Kazi ya Hodhi la Chini

Nkoaranga iko katika miteremko ya Mlima Meru, mbali sana na pwani. Samaki wa matumbawe atunzwaye huko ndani ya hodhi la kioo hukosa huduma ambayo bahari humpa bure: maji yanayopwa na kujaa na kuchukua uchafu wake. Kazi hiyo sharti ifanyike humo nyumbani.

Samaki hutoa amonia, hasa kwa njia ya matamvua, na hata kiasi kidogo chake chaweza kumwua. Bakteria waishio juu ya mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitreti, yenye madhara madogo zaidi. Lakini nitreti hulimbikizana majini.

Ndiyo sababu hodhi la pili huwekwa chini ya lile la samaki. Maji hufurika kutoka juu, huteremka kwa bomba, hupita katika chujio, kisha pampu huyarudisha. Sehemu moja ya hodhi hilo hupandwa mwani, ambao hufyonza nitreti na fosfeti ili ukue; unapovunwa, taka hizo hutoka pamoja nao. Humo pia vijidudu vya jamii ya kamba huzaliana bila kuliwa, na baadhi yao huchukuliwa na maji hadi juu na kuwa chakula cha samaki.

Kanuni hiyo haitumiki majumbani tu. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, walijaribu mwani wa jamii za Ulva na Gracilaria katika kusafisha maji ya mabwawa ya samaki, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002.

Maji yapoteayo kwa mvuke huacha chumvi nyuma, hivyo hufidiwa kwa maji matamu. Chemchemi nyingi za Meru zina floraidi itokayo katika miamba ya volkano, nayo haiondoki kwa mvuke. Maji ya mvua yasiyopita juu ya bati ni bora zaidi.

Hatari kubwa ni umeme kukatika. Pampu ikisimama, maji ya juu huendelea kuteremka hadi yafikie usawa wa ukingo wa kufurikia. Katika hodhi lenye urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 50, maji yakishuka sentimita 3 tu, lita 15 humwagikia chini. Nafasi ya kuyapokea sharti iachwe wazi daima. Aidha, yafaa kuwa na pampu ndogo ya hewa itumiayo betri, kwani oksijeni ikiisha, samaki na bakteria wamtunzao huangamia pamoja.