Bando la 1080 kwenye kioo cha 720

Boksi nyingi za simu za bei nafuu zinazouzwa madukani, Igoma kama kwingineko Mwanza, zimeandikwa "HD+". Mteja akiiona ile alama ya kujumlisha hudhani ameongezewa ung'avu. Kilichoongezwa ni urefu wa kioo tu.

Picha ya kioo huundwa na vitone vidogo viitwavyo pikseli. HD ya kawaida ni 1280 kwa 720, na Full HD ni 1920 kwa 1080. Tecno Spark 10 ya mwaka 2023 ina 1612 kwa 720: ule upande mfupi haukubadilika hata kidogo. Nduguye, Spark 10 Pro, ana 2460 kwa 1080. Majina yanakaribiana, vioo ni mbalimbali.

Urefu huo una historia fupi. Runinga na video nyingi za mtandaoni hufuata uwiano wa 16 kwa 9. Mwaka 2017 LG G6 ilikuja na 18 kwa 9, Samsung Galaxy S8 ikazidi kidogo, na leo 20 kwa 9 ni jambo la kawaida. Ndiyo maana ukilaza simu utazame mechi ya Simba na Yanga, unabaki utepe mweusi kulia na kushoto. Ukiipanua picha ijaze kioo, inakatwa juu na chini, karibu sehemu moja ya kumi kila upande. Juu ndiko yanakoandikwa magoli na dakika!

Hasara kubwa zaidi iko kwenye bando. Video ya 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 720 ina 921,600. Simu ya HD+ ikipewa ile ya kwanza huipokea yote, kisha huibana ienee kwenye kioo chake. Ni kweli picha iliyobanwa hivyo wakati mwingine hutoka safi kidogo, lakini kwenye kioo cha inchi 6.6 anayeiona tofauti hiyo ana macho makali kweli.

Laptopu za mtumba nazo zina mtego wake. HP EliteBook 840 G3 ilitengenezwa yenye kioo cha 1366 kwa 768 na pia cha 1920 kwa 1080, na kwa nje zinafanana.

Kabla ya kulipa, iwashe mashine, fungua mipangilio ya kioo, usome namba. Na mwenye simu ya HD+ aiweke video kwenye 720. 480 inatosha kwa taarifa ya habari.