Taveta: Mji Uliozaliwa na Maji ya Mlima

Jumatano na Jumamosi, soko la Taveta hujaa mapema. Mikungu ya ndizi mbichi, utomvu bado ukidondoka kwenye vikonyo, hupangwa chini juu ya majani makavu ya migomba. Kando yake kuna matenga ya nyanya na magunia ya vitunguu. Mnunuzi huinama, huhesabu chane, huugeuza mkungu upande wa pili, ndipo mvutano wa bei uanze. Mizigo ikishapakiwa, malori hushika njia ya Voi kuelekea Mombasa na Nairobi.

Anayefika Taveta kwa njia hiyohiyo hushangazwa na wingi huo wa ndizi. Kwa zaidi ya kilomita 100 kutoka Voi, amekuwa akikatiza nyika ya Tsavo: udongo mwekundu, vichaka vya miiba, ukame. Mji wenyewe uko chini, kwenye mwinuko wa mita 750 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua yake si ya kutegemewa. Kinachoulisha ni Kilimanjaro. Mvua inayonyesha kwenye miteremko ya mlima hunywewa na miamba ya volkeno, husafiri chini ya ardhi, kisha hububujika kwenye chemchemi kama Njoro Kubwa. Hata Ziwa Chala, lililo ndani ya shimo la volkeno kaskazini mwa mji, hujazwa zaidi na maji hayo ya chini kwa chini. Na upo Mto Lumi, unaotelemka kutoka mlimani na kupita Taveta hadi Ziwa Jipe.

Wataveta walijenga maisha yao kandokando ya Lumi, ndani ya msitu mnene uliowakinga na maadui. Walichimba mifereji na kupanda migomba. Katika karne ya 19, misafara ya pwani iliyokwenda Uchagani na Umasaini kutafuta pembe za ndovu iliweka kambi hapo: wapagazi wapumzike, chakula kinunuliwe, viriba vijazwe. Joseph Thomson alipita mwaka 1883 akielekea Umasaini. Mwaka uliofuata alifika Harry Johnston, Mwingereza aliyejipatia ardhi Taveta kwa mkataba.

Mkataba huo ulikuwa na matokeo makubwa. Wengi husimulia kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda hapa kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaiser wa Ujerumani, mlima mzima. Hiyo ni hadithi tu. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalipitisha mstari katikati ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachaga: Taveta, alikokuwa na mkataba Johnston, ikaangukia upande wa Waingereza, Kilimanjaro upande wa Wajerumani. Mji ukatenganishwa na mlima unaounywesha.

Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka, Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Waingereza walijenga reli kutoka Voi ili kupeleka askari na shehena kupitia nyika isiyo na maji. Tarehe 12 Februari 1916 walikishambulia kilima cha Salaita, mashariki ya mji, wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Mwezi uliofuata, mapigano ya vilima vya Latema na Reata yaliwafungulia njia ya Moshi. Makaburi ya askari wa vita hivyo yangali yanatunzwa mjini.

Baada ya vita yalikuja mashamba makubwa ya mkonge. Ewart Grogan, mlowezi aliyevuma kwa safari yake kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, alimiliki ardhi kubwa na kujenga jumba juu ya kilima linalojulikana hadi leo kwa jina lake. Suala la nani mwenye ardhi, na nani maskwota, limebaki donda bichi Taveta muda mrefu baada ya uhuru.

Leo wafanyabiashara huvuka mpaka kutoka Holili, upande wa Tanzania, kuja sokoni, na baadhi yao wana ndugu pande zote mbili. Lumi nao huendelea na safari yake. Huzaliwa Tanzania, hunywesha migomba Kenya, huingia Ziwa Jipe, ambako matete yameyafunika maji sehemu nyingi. Kutoka ziwani, maji hufuata Mto Ruvu, huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutelemka na Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi.