Kila Saa Nane: Mfamasia na Shahada Mbili

Mdogo wangu kule Nyamitaba, Masisi, anasoma biolojia na kemia sekondari na anataka kuwa mfamasia. Ameniuliza mimi, mwanafunzi wa isimu, apitie njia gani. Nilipoitafuta, nikajikuta nimerudi kwenye somo letu wenyewe.

Kwetu Kongo, aliyefaulu mtihani wa taifa huomba famasia moja kwa moja: Kinshasa, Lubumbashi au, karibu zaidi nasi, Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu. Tanzania, Chuo cha Muhimbili hufundisha shahada hiyo miaka 4, kisha mwaka 1 wa mazoezi kazini. Marekani kuna njia ya shahada mbili: miaka 3 ya shahada ya kawaida, halafu miaka 4 ya famasia. Mwaka wa kwanza wa famasia huhesabiwa pande zote mbili, hivyo miaka 8 inakuwa 7. Shahada ile ya kwanza kwa kawaida huwa ya kemia au biolojia.

Kwa mfamasia wa Masisi, mimi ningeoanisha famasia na lugha. Vita vimewatawanya watu, na mara nyingi mgonjwa hununua dawa kwa mtu asiyejua lugha yake. Kibandiko ni cha Kifaransa, maelezo hutolewa kwa Kiswahili, mgonjwa huwaza kwa Kihunde au Kinyarwanda. Hata neno la kidonge si moja: Kinyarwanda husema *ikinini*, jina lililotokana na kwinini, kwa hiyo hata dawa ya minyoo hubeba jina la dawa ya malaria!

Hatari kubwa iko kwenye muda. Kibandiko kinataka kidonge 1 kila zinapopita saa 8. Muuzaji hutafsiri upesi: "kila saa nane." Kwa Kiswahili maneno hayo yana maana mbili, kwani saa nane pia ni saa ya mchana, baada ya adhuhuri. Aliyeshika maana hiyo atameza kidonge 1 kwa siku badala ya 3. "Kila baada ya saa nane" ingeondoa utata. "Kutwa mara tatu" ya bahasha za Tanzania nayo ina lake: kutwa ni mpaka jua lichwe, na usiku una neno lake, kucha. Anayelifuata neno hilo kama lilivyo atabana dozi zote mchana.

Kuna pia alama ya 2×3, ambayo wengi huidhania ni hesabu, haina lugha. Mmoja huisoma vidonge 2 mara 3, mwingine mara 2 vidonge 3. Jumla ni 6 kote. Lakini kwa parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 3 kwa mpigo ni gramu 1.5, na mtu mzima hatakiwi kuzidi gramu 1 kwa mara moja.