Mkataba wa Mauritius na Gunia la Ndengu la Kabati

Shangazi yangu huuza ndengu Kabati, kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui. Hupima kwa gorogoro, akalijaza hadi lifure, kisha akapangusa juu kwa kiganja. Mapema asubuhi, kabla mauzo hayajachangamka, huwa ameshalipa ushuru wa soko. Tiketi yake huikunja mara mbili akaifunga kwenye pindo la leso. Likizo iliyopita nilikuwa nimeketi kando yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikisoma hukumu ya mahakama, akataka kujua inahusu nini. Nikamwambia ni kesi ya mkataba wa kodi baina ya Kenya na Mauritius. Akatulia kidogo, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, serikali mbili zikishakubaliana, koti inaingilia wapi?"

Swali hilo hata mawakili wa serikali wamewahi kulisimamia mbele ya majaji, kwa maneno marefu zaidi. Nami nilimjibu kwa kuanzia na ile tiketi yake.

Kaunti ya Kitui haiwezi kuamka siku moja ikapandisha ushuru wa gunia. Ni lazima mswada wa fedha upelekwe kwenye bunge la kaunti, wananchi waitwe kutoa maoni, kisha wawakilishi wa wadi waupitishe. Hata zile senti anazolipa shangazi zina sheria nyuma yake. Mzizi wa hayo yote ni Kifungu cha 210 cha Katiba ya 2010: hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Watu wengi hulikumbuka neno la kwanza, kutozwa. Neno la pili, kusamehewa, hulipita haraka, ilhali ndilo linalogusa mikataba ya aina hii.

Nia ya mkataba wa kodi ni njema. Mtu akifanya biashara katika nchi mbili, kila nchi ikidai fungu lake kamili, atakamuliwa mara mbili kwa pato lilelile. Kwa hiyo nchi hizo hugawana: hili nitatoza mimi, lile utatoza wewe. Taabu huanza pale nchi moja inapotoza sawasawa na nyingine inapotoza kidogo mno. Kampuni zetu hutozwa 30% ya faida. Mauritius kiwango cha wakati huo kilikuwa 15%, lakini kampuni zilizosajiliwa huko kwa ajili ya biashara ya ng'ambo ziliweza kupata nafuu iliyofikisha kodi yao karibu na 3%.

Sasa tazama hesabu. Kampuni inafanya kazi Kenya na inamlipa mwenzake wa nje mrabaha wa shilingi milioni 10 kwa kutumia jina au teknolojia yake. Sheria yetu ilitaka 20% izuiliwe kabla pesa hazijavuka mpaka; hiyo ndiyo kodi ya zuio, nayo hapo ni milioni 2. Mkataba uliotiwa saini Mei 2012 ulishusha kiwango hicho hadi 10%, yaani milioni 1. Tena wakati huo hakukuwa na kilichomzuia mwekezaji wa Ulaya, au hata Mkenya mwenye mfuko mzito, kusajili kampuni Mauritius ili pesa zake zipitie mlango huo. Alichohitaji ni anwani na karatasi tu.

Mkataba huo ulichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mnamo Mei 2014 kama Tangazo la Kisheria Nambari 59. Waziri alitumia mamlaka anayopewa na Sheria ya Kodi ya Mapato, kifungu cha 41, kinachomruhusu kuupa mkataba wa kodi nguvu ya sheria kwa kuutangaza gazetini. Mwaka huohuo, shirika la Tax Justice Network Africa lenye makao Nairobi likaenda Mahakama Kuu. Lilikuwa na hoja kadhaa: kwamba wananchi hawakushirikishwa kama Kifungu cha 10 kinavyotaka, kwamba mkataba unakwenda kinyume na Kifungu cha 201 kinachodai mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na kwamba Bunge lilirukwa.

Kesi ilichukua zaidi ya miaka minne. Mnamo Machi 15, 2019 Jaji Weldon Korir akatoa uamuzi, na mkataba ukaanguka kwa hoja ile ya Bunge. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inamtaka waziri aliyetunga kanuni au tangazo kuliwasilisha Bungeni ndani ya siku saba za vikao tangu lichapishwe. Asipofanya hivyo, tangazo linakoma kuwa na nguvu mara siku hizo zinapokwisha. Hakuna anayehitaji kulifuta, linakufa lenyewe. Tangazo Nambari 59 halikuonyeshwa kuwa limepita hapo, kwa hiyo mahakama ikalitangaza batili.

Hapo ndipo nilipomjibu shangazi. Kifungu cha 2(6) cha Katiba kinasema mkataba ulioidhinishwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya chini ya Katiba hii. Maneno hayo mawili, "chini ya", yanabeba jibu zima. Mawaziri wakishikana mikono Port Louis, Kenya imeahidi kitu kwa jirani. Lakini ili ahadi hiyo ipunguze kodi ndani ya nchi, inapaswa kuingia kupitia mlango wa kutungia sheria, na Kifungu cha 94 kimeukabidhi mlango huo kwa Bunge. Koti haikuivunja ahadi ya Kenya kwa Mauritius. Iliuliza tu kama aliyeileta nyumbani alipita mlangoni.

Wapo wataalamu wenzangu wanaouona ushindi huo kuwa mdogo, na naelewa kwa nini. Jaji hakusema kwamba viwango vya mkataba vinavunja Katiba. Swali la haki katika mgawo wa kodi, ambalo kwangu ndilo kubwa, lilibaki pale pale. Lakini siwezi kuliita suala la utaratibu kuwa dogo. Tangazo likifika Bungeni hupelekwa kwa Kamati ya Sheria Ndogo, nayo ina siku 28 za kulichunguza na kutoa ripoti. Ndipo mbunge wa Kitui Magharibi anapopata nafasi ya kuuliza kwa nini 20% imekuwa 10%, na jibu la Hazina ya Kitaifa likaandikwa mahali ambapo mimi na wewe tunaweza kulisoma. Bila hatua hiyo, swali halina hata pa kuulizwa.

Wahindi walipita njia hii kabla yetu, na matokeo yao yalikuwa tofauti. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Delhi ilitengua waraka uliowalinda waliowekeza India kupitia Mauritius. Mwaka uliofuata, katika kesi inayojulikana kwa jina la Azadi Bachao Andolan, Mahakama ya Juu ya India ikabatilisha uamuzi huo: kupima faida na hasara za mkataba, ilisema, ni kazi ya serikali. Ilibidi ifike 2016 ndipo India ikakubaliana na Mauritius kurekebisha mkataba wao ili ipate kutoza faida ya mauzo ya hisa. Senegal na Zambia hazikungoja mahakama. Ziliamua kuvunja mikataba yao na Mauritius.

Kenya ilishika njia nyingine. Mnamo Aprili 10, 2019, siku 26 tu baada ya hukumu, ilitia saini mkataba mpya na Mauritius wakati wa ziara ya Rais Uhuru Kenyatta kisiwani humo. Haraka hiyo ilinisikitisha. Hukumu ilikuwa imetoa nafasi ya kuketi chini, kuhesabu na kuwauliza wananchi kama tunauhitaji mkataba huo na kwa masharti gani. Yapo mambo yaliyotengenea njiani, sikatai. Tangu Januari 2015 Sheria ya Kodi ya Mapato inamnyima nafuu ya mkataba mkazi wa nchi ile nyingine ikiwa nusu au zaidi ya umiliki wake uko mikononi mwa watu wasioishi huko. Hilo linawagusa moja kwa moja wale wa anwani na karatasi.

Shangazi alinisikiliza huku akipima gorogoro tatu za mteja. Alipomaliza akafungua pindo la leso, akaitoa tiketi, akaikunjua juu ya goti. "Kwa hiyo hii yangu ilipitia Kitui," akasema, "na ile yao haikupitia Nairobi?" Nikamwambia ndiyo, ile ya kwanza haikupitia. Akauliza kuhusu hii ya pili. Nikamweleza njia ile ile: gazeti, siku saba za vikao, kamati, siku 28. Akaniomba nimwandikie siku hizo nyuma ya tiketi, akaikunja tena mara mbili.