Vifaa vya judo: jinsi ya kuvichagua na kuvitunza



Mjini Beni na Butembo jamaa nyingi zilizohama kwa sababu ya vita zimepokelewa na wenyeji. Watoto wao na watoto wa wenyeji wanaweza kukutana katika judo, mchezo ulioanzishwa na Jigoro Kano huko Japani mwaka 1882. Hauna ngumi wala teke. Mchezaji anamshika mwenzake nguo, anamwangusha, na bado anamlinda asiumie.

Popole Misenga na Yolande Mabika, Wakongo wawili waliotenganishwa na jamaa zao utotoni kwa sababu ya vita, walishindana katika judo kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, katika timu ya kwanza ya wakimbizi.

Lakini kifaa kibaya kinaumiza mtoto, na kifaa kilichogawiwa vibaya kinaleta ugomvi. Tuangalie mambo manne.

1. Kimono

Chagueni kimono cha pamba, kizito. Kile cha karate ni chepesi na kitachanika kikivutwa. Kama mnanunua cha mtumba, vuteni kola kwa nguvu, kisha tazameni mishono ya kwapani na magotini. Namba iliyoandikwa, kama 140 au 150, mara nyingi ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Pamba hurudi ikifuliwa, kwa hiyo chukueni kikubwa kidogo. Wasichana wavae fulana nyeupe ndani ya koti, na wapewe mahali pao pa kubadilisha nguo.

Msikubali kamwe nguo yenye rangi za kijeshi, hata ikiwa ya bure. Katika eneo letu inaweza kumfanya kijana adhaniwe kuwa mpiganaji.

2. Mahali pa kuangukia

Saruji na udongo mgumu vinaweza kuvunja mkono au kuumiza kichwa. Pasipo tatami, tandazeni pumba za mbao zilizo kavu, zisizo na misumari wala vipande vya miti, kisha funikeni kwa turubai iliyovutwa sana na kufungwa pande zote. Mkufunzi apime kwanza kwa goti lake: akiisikia ardhi, pumba ziongezwe. Kabla ya kila zoezi, wasawazishe mashimo. Msichukue shitingi inayofunika nyumba ya jamaa yoyote. Mchezo usimnyeshee mtu mvua.

3. Usafi

Upele na mashilingi vinaambukiza kwa kugusana ngozi na kwa kuazimana nguo. Kila mtoto akate kucha, avue shanga na hereni, anawe miguu, na kuacha kandambili pembeni. Mwenye kidonda kilicho wazi asubiri kipone. Damu ikidondoka, simamisheni zoezi na mwoshe mahali hapo kwa maji yenye klorini, kama tulivyozoea wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020. Lakini msiloweke kimono katika klorini, kwa maana inaozesha nyuzi.

Fueni kimono kwa maji baridi na sabuni baada ya mazoezi. Kianikwe kikiwa kimegeuzwa ndani nje. Butembo kuna baridi na mvua nyingi, basi msikikunje kikiwa na unyevu, kitaota ukungu. Mshono ukifunguka, ushonwe siku hiyo hiyo.

4. Mali ya wote

Vifaa vikiwa vichache, visiwe vya kabila moja, wala vya wenyeji peke yao, wala vya waliohama peke yao. Andikeni katika daftari kila kimono, nani amekichukua na siku ya kukirudisha. Daftari litunzwe na watu wawili, mmoja wa kila upande, na lisomwe mbele ya wazazi kila mwezi. Wakiwapo watoto ishirini na kimono kumi, nusu wavae leo na nusu kesho. Wale wasiovaa wajifunze kuanguka na kusalimia.

Mtoto anayemkabidhi mwenzake kimono kikiwa safi tayari amejifunza sehemu ya amani. Viongozi, anzeni na daftari hilo.