Kikombe si Kilo: Ujazo na Uzito katika Mapishi

Huko Kisenyi, Mengo, unga huuzwa kwa kilo. Jikoni wengi huupima kwa kikombe. Mwanafunzi anayefasiri mapishi asichanganye vipimo hivi: kilo ni uzito, kikombe ni ujazo. Kikombe cha mililita 250 huchukua gramu 250 za maji, takriban 200 za sukari, lakini takriban 125 tu za unga wa ngano. Akiandika “gramu 250 za unga” badala ya “kikombe kimoja”, amezidisha unga mara mbili, na maandazi yatakuwa magumu.

Methali husema: “Haba na haba hujaza kibaba.” Kitenzi ni “hujaza”, kwani kibaba, robo ya pishi, ni kipimo cha ujazo. Kabla ya kufasiri tujiulize: kinachotajwa ni uzito au ujazo?