Kitui hadi Wote: Rula Inasema Hivi, Barabara Inasema Vile

Haya, mwenye atlasi na aifungue ukurasa wa Kenya. Tafuteni Kitui mjini, kisha teremkeni kusini magharibi mpaka Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Wekeni rula. Ni hapo tu, sivyo? Basi mbona msafiri anayetoka Kitui kwenda Wote hafuati mstari wa rula?

Tupime kwanza. Kitui iko nyuzi 1 na dakika 22 kusini mwa ikweta, Wote nyuzi 1 na dakika 47. Dakika hizi si za saa. Ni vipande 60 vya uzi mmoja, na kila kipande ni kilomita 1.85 ardhini. Dakika 25 za kushuka kusini ni kilomita 46. Kwenda magharibi ni dakika 23, yaani kilomita 43 hivi. Sasa mwiteni Pythagoras: 46 mara 46, jumlisha 43 mara 43, halafu tafuteni kipeuo cha pili. Mnapata kilomita 63.

Ndege ndogo ya mwendo wa kilomita 300 kwa saa ingezimaliza kwa dakika 13. Ndege kubwa, ya kilomita 800 kwa saa, dakika 5 tu! Lakini hiyo ni hesabu ya daftarini. Ndege kubwa huchukua kama dakika 20 kupanda hadi kimo chake cha safari, kwa hiyo ingeipita Wote pua ikiwa bado juu. Tena ndege ya abiria yenye ratiba kati ya miji hii hamna. Labda ungo, na mwenye ungo hatangazi nauli.

Wa matatu hushika njia ya magharibi: Kwa Vonza, daraja la Mto Athi, Wamunyu kwa wachonga vinyago, Masii, ndipo akate kusini kupitia Tawa. Karibu mara mbili ya ule mstari wa rula.

Anayemzungusha ni nani? Ni Athi wenyewe, mpaka wa Kitui na Makueni, ambao madaraja yake ni ya kuhesabu. Na kando ya mto, upande wa Kitui, kuna uwanda wa juu wa Yatta.

Yatta ndiyo inayonistaajabisha mimi. Zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita, lava ya moto ilitiririka ndani ya bonde la mto wa kale, ikalijaza kama uji kwenye mfereji, ikapoa ikawa mwamba mgumu mweusi. Mvua za miaka na miaka zikaula udongo laini wa kingo zote mbili, zikaubeba, hadi kingo zikawa chini na lava ikabaki juu. Kwa hiyo mtoto anayechunga mbuzi kileleni mwa Yatta anakanyaga mahali palipokuwa bonde! Mwamba huo una urefu wa karibu kilomita 300, miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani. Athi unaambaa chini yake, na ukifika baharini karibu na Malindi unaitwa Sabaki.

Sasa kalamu mkononi. Kibwezi, mji wa Makueni pia, iko nyuzi 2 na dakika 25 kusini, karibu wima chini ya Kitui. Ni kilomita ngapi? Aliyepata 117 amepata. Huko kuna lami kupitia Mutomo na Ikutha, nayo haizunguki sana.